Bi. Mwanakombo Khalfani, Aliyetufundisha Kuuliza

Ijumaa hii, tarehe 30 Juni 2017, Bi. Mwanakombo Khalfani anatimiza miaka sitini na kustaafu utumishi wa Idara ya Saikolojia ya Chuo Kikuu cha Ziwani, baada ya kuitumikia kwa miaka ishirini na mitatu, miezi mitano na siku ishirini. Hesabu hiyo ni yake mwenyewe. Kamati ya maandalizi ya hafla ya kumuaga ilikuwa imeandika "zaidi ya miaka ishirini", naye akaturudishia karatasi akisema kwamba idara inayofundisha takwimu haina ruhusa ya kusema "zaidi ya" wakati kalenda ipo ukutani.

Aliajiriwa tarehe 10 Januari 1994 akiwa karani mchapaji, akitokea bandarini alikokuwa amepiga chapa hati za mizigo kwa miaka kumi na miwili. Idara wakati huo ilikuwa nyumba ya kupanga ya vyumba vitatu hapa Katubuka, yenye wahadhiri wawili, mashine moja ya kupigia chapa na kabati lisilofunga. Warundi walikuwa wakivuka mpaka tangu Oktoba ya mwaka uliotangulia, na mkuu wetu wa idara, Dakta Leonardi Rwiza, alikuwa ameandika dodoso la kuwauliza akina mama wakimbizi juu ya hali zao. Alimpa karani mpya alichape.

Bi. Mwanakombo alilichapa bila kosa hata moja. Kisha akambandikia Dakta kikaratasi. Swali la tatu lilisema: je, unajihisi kukosa matumaini juu ya mustakabali wako? Kikaratasi kilieleza kwa heshima zote kwamba mama aliyetoka Makamba na mtoto mgongoni akisikia swali hilo atadhani mustakabali ni jina la kijiji, na atajibu kwamba hajawahi kufika huko. Dakta Leonardi alikasirika kutwa nzima. Asubuhi ya pili alimwita na kumuuliza yeye angeuliza vipi. Mtoto huyu wa Ujiji, aliyelelewa na bibi Muha na kukulia jirani na wauza mawese wa Kirundi, alijibu kwa lugha tatu. Kuanzia siku hiyo hakuna dodoso lililotoka idarani bila kupita mezani kwake.

Wanafunzi wa shahada ya kwanza walimjua zaidi kwa mtihani wa Mwanga. Kila aliyetaka kwenda kwenye utafiti alipelekwa kwanza soko la Mwanga bila kalamu wala karatasi. Alitakiwa kuamkiana na watu kumi, azungumze nao, arudi akijua kila mmoja ana watoto wangapi na mkubwa wao anaitwa nani, na hayo yote yatoke kwenye mazungumzo, si kwa kuuliza kama polisi. Mudathir, mmoja wa wanafunzi wa miaka ya mwanzo, alirudi baada ya dakika ishirini akiwa na majina kumi. Akarudishwa sokoni, kwa kuwa mtu hawezi kusalimiana na Waha kumi kwa dakika ishirini, salamu ya mmoja tu ina urefu huo. Erica, aliyetoka Songea, aliondoka saa tatu asubuhi akarejea saa kumi jioni akiwa na majina yote, fungu la dagaa alilopewa bure, na gauni alilokwisha kupimwa na fundi. Alifaulu kwa alama za juu, na gauni lilimkaa vizuri.

Sehemu inayofuata Bi. Mwanakombo hajawahi kuisimulia popote. Nimemwomba ruhusa niisimulie mimi, kwa sababu mwenye kosa nilikuwa mimi.

Mwanzoni mwa 1997 makambi ya Kasulu yalikuwa yamefurika. Katika kambi mojawapo, shirika moja la misaada liliendesha banda la watoto wa Kirundi waliofika bila wazazi. Walikuwa watoto mia mbili na kumi na wawili, pamoja na walezi wao. Shirika lilitaka kujua kama banda lile bado linahitajika. Ikiwa watoto wametulia, lingefungwa na watoto wagawanywe kwa familia za kambini. Idara yetu iliombwa ifanye utafiti, na Dakta Leonardi akaamua jambo ambalo halikuwa limefanyika kabla: kazi ya kuuliza wapewe wanafunzi sita wa mwaka wa pili. Mimi, Davis Mchome, kijana wa Same ambaye hakuwa ameliona ziwa lolote kabla ya kuja chuo, nilikuwa mmoja wa hao sita.

Zamu yangu ilikuwa na watoto thelathini na sita. Niliwauliza ishirini na watano. Kisha mvua ikanyesha, lori likakwama, na mimi nikakaa siku mbili katika nyumba ya wageni Kasulu nikisikiliza mpira kwenye redio. Madodoso kumi na moja yaliyobaki niliyajaza mwenyewe kitandani. Majibu ya watoto wale ishirini na watano yalikuwa yakifanana karibu yote: je, una huzuni, hapana, je, unapata usingizi, ndiyo. Nikajiambia kwamba hata hawa wengine wangejibu vivyo hivyo. Mvua ilinyesha, lakini haikunituma kudanganya.

Bi. Mwanakombo ndiye aliyekuwa akihamisha majibu kwenye majedwali. Siku ya Alhamisi aliniita barazani, akaniwekea mbele madodoso matatu na kuniuliza kama watoto wale ni ndugu. Nikasema ni ndugu. Akauliza kama Yohana Ndayizeye, Petero Ndayizeye na Anna Ndayizeye baba yao ni Ndayizeye. Nikasema ndiye.

"Warundi kila mtoto hupewa jina lake mwenyewe," aliniambia, bila kupandisha sauti. "Hawa wa kwako wamezaliwa Same."

Nilitamani ardhi ipasuke. Nilisubiri aende kwa Dakta, lakini hakwenda. Aliniambia kwamba Jumamosi anasafiri kwenda Kasulu, nauli ni juu ya kila mtu na yake, na kwamba Jumatatu mimi mwenyewe nitaingia ofisini kwa Dakta nikiwa na madodoso kumi na moja ya kweli mkononi na maelezo ya yale ya uongo mdomoni. Jumamosi saa kumi na mbili asubuhi nilikuwa stendi kabla yake.

Tulifika kambini kabla ya adhuhuri. Nyuma ya banda walezi walikuwa wakimenya maharage mabichi, na watoto wamewazunguka. Nilitoa karatasi zangu, nikaanza. Mtoto wa saba alikuwa msichana wa miaka tisa aitwaye Goreti. Nilimuuliza kama ana huzuni, akasema hapana. Nilimuuliza kama anapata usingizi, akasema ndiyo. Nikaweka alama zangu mbili na kutaka kuita mwingine.

Bi. Mwanakombo alikuwa ameketi mkekani muda wote huo akimenya maharage na kuongea Kirundi na walezi, mambo ya mvua na bei ya chumvi. Akamsogezea Goreti bakuli, wakamenya pamoja kwa kitambo. Kisha akamuuliza, kama mtu anayeuliza habari za nyumbani, jioni huwa anakula na nani. Goreti akasema anakula na mdogo wake, Evaristi. Nikatazama huku na huku kumtafuta huyo Evaristi. Bi. Mwanakombo akauliza yuko wapi. Goreti akasema bado hajafika. Walipotezana njiani, miezi saba iliyopita.

"Ninamwekea chakula chake kila jioni," alisema, na Bi. Mwanakombo akanitafsiria neno kwa neno. "Asubuhi nakila mimi, kisiharibike."

Kwenye dodoso langu mtoto huyo alikuwa hana huzuni na anapata usingizi. Mlezi mmoja, mama wa makamo aitwaye Marcelina, ndiye aliyetueleza sababu. Watoto walikuwa wamesikia kwamba wageni wa chuo wanatafuta wenye matatizo ili wahamishwe. Hakuna aliyetaka kuhamishwa, kwa kuwa aliyepotea akija kumtafuta atamkosa. Kwa hiyo wote walikubaliana kujibu kwamba hawajambo.

Jumatatu niliingia kwa Dakta Leonardi nikasema yote. Taarifa ilikuwa tayari mezani, kurasa arobaini za rasimu, ikieleza kwamba watoto wametulia na banda halihitajiki tena. Ilikuwa itumwe Alhamisi. Dakta alinisikiliza hadi mwisho, kisha akasema kwa upole ulioniumiza kuliko makofi kwamba nitasimamishwa masomo. Bi. Mwanakombo, aliyekuwa amesimama mlangoni, akaomba jambo langu lisubiri kidogo, kwa kuwa liko kubwa zaidi. Madodoso mabovu si kumi na moja, akasema, ni mia mbili na kumi na mawili. Davis alidanganya kwa kuandika, wale wengine walidanganywa kwa kuuliza vibaya, na taarifa imejengwa juu ya yote mawili.

Dakta alijitetea. Shirika linasubiri, idara ni changa, tukichelewesha kazi ya kwanza hatutapewa ya pili. Wala hakuwa anasema uongo, maana ndivyo ilivyokuwa. Alimwamuru achape nakala safi.

"Daktari, ukiniamuru nitaichapa," alijibu. "Ila jina langu uliondoe kwenye shukrani."

Dakta alitoka nje. Tulimwona dirishani akizunguka ile michikichi miwili ya uani, mara moja, mara mbili, mara nyingi. Alirudi baada ya nusu saa, akachukua koti lake, akaenda posta kupiga simu. Aliomba wiki sita. Shirika lilinung'unika, lakini likatoa.

Dodoso jipya liliandikwa na wanafunzi sita na karani mmoja kwenye meza moja. Lilikuwa na maswali manane, na neno huzuni halikuwamo. Tuliuliza mtoto anakula na nani, analala karibu na nani, akipewa kitu kitamu anamgawia nani. Tulimenya maharage mengi mwaka ule. Ilibainika kwamba zaidi ya nusu ya watoto walikuwa wakimwekea mtu fulani kitu: chakula, nafasi mkekani, kipande cha sabuni. Banda halikufungwa. Liliendelea kwa miaka mitatu, hadi watoto wengi walipokuwa wamepata pa kwenda. Na kwa kuwa kila jibu lilikuwa na jina la aliyesubiriwa, orodha ile ilipelekwa kwa watu wanaotafuta jamaa waliopotezana, na watoto kumi na tisa wakapata ndugu zao katika makambi mengine. Evaristi hakupatikana. Goreti aliondoka mwaka 1999 na shangazi yake. Bi. Mwanakombo amenitaka, nikiandika habari za wale kumi na tisa, niandike na hilo.

Kuhusu mimi, sikufukuzwa. Bi. Mwanakombo alimwambia Dakta kwamba nikifukuzwa nitajifunza tu kuwa kosa ni kukamatwa. Nilirudia mwaka. Nyumbani Same waliambiwa kwamba nimechelewa kwa sababu ya malaria, na wazazi wangu, watakaokuwapo ukumbini Ijumaa, watajua siku hiyo kwamba malaria ile ilikuwa ya aina gani.

Taarifa ya pili ilipokamilika, Bi. Mwanakombo alichapa kwenye jalada, chini ya jina la Dakta Leonardi, majina ya wanafunzi watano. Hakuwa ameambiwa afanye hivyo. Langu hakuliweka, na nilistahili kuachwa. Dakta alilitazama jalada, akasahihisha herufi moja katika jina la Bonifasi, mmoja wa wale watano, kisha akatia sahihi. Tangu hapo umekuwa utaratibu wa idara hii kwamba mwanafunzi wa shahada ya kwanza aliyefanya kazi huwekwa jina lake. Hadi leo wako arobaini na mmoja. La kwangu liliingia mwaka uliofuata, la saba kwenye orodha hiyo.

Mwaka 2003, akiwa na umri wa miaka arobaini na sita na cheo cha mratibu wa utafiti wa wanafunzi, Bi. Mwanakombo alijiandikisha yeye mwenyewe kusoma shahada ya kwanza ya saikolojia. Wanafunzi wenzake walimwamkia shikamoo kila asubuhi, naye akawaazima madaftari yao kila jioni. Mhadhiri wa somo la mbinu za utafiti alikuwa mwajiriwa mpya, Davis Mchome. Bi. Mwanakombo alikaa safu ya mbele. Siku niliyofundisha mada ya uaminifu katika ukusanyaji wa data nilikuwa nimejiandaa kwa saa mbili, lakini aliketi pale ameinamisha kichwa, anaandika kila neno kwa makini, na mimi nikamaliza kwa dakika thelathini na tano. Darasa halikuelewa kwa nini mwalimu wao anatoka jasho. Alipata alama ya juu katika somo langu. Katika takwimu alipata C, akaenda kukata rufaa, karatasi ikasahihishwa upya, ikawa C tena. Akasema sasa ameridhika, kwa kuwa imepimwa mara mbili.

Siku ya mahafali, mwaka 2006, mume wake, Mzee Athumani, mstaafu wa reli, alikuja na ndugu na majirani wa kujaza mabasi madogo mawili. Vigelegele vya Ujiji vilimfanya mgeni rasmi arudie kusoma jina lake, na majirani wakapiga tena.

Mei 2015 watu walianza kuvuka tena kutoka Burundi, maelfu kwa maelfu, wakashuka Kagunga na kuletwa na meli hadi mjini. Wengi walifika wamedhoofika, na kipindupindu kilikuwa kimeingia. Wanafunzi wetu thelathini walijitokeza kusaidia, na asubuhi ya kwanza walikuja wamebeba madodoso. Mmoja wao, Sia, aliyekuwa mwaka wa tatu, alieleza kwa ufasaha kwamba taarifa za siku za mwanzo ni adimu na zikikosekana hazipatikani tena. Bi. Mwanakombo alimsikiliza mpaka mwisho, akakiri kwamba kitaaluma anasema kweli, kisha akakusanya madodoso yote na kuyafungia ofisini.

"Leo hatuulizi mtu," aliwaambia. "Leo tunabeba maji."

Walibeba maji kwa wiki tatu. Walikoroga chumvi na sukari, walishika watoto mama zao wakiwa kwenye foleni, walijifunza kusema amahoro, salamu ya Kirundi, kwa namna ambayo mtu anaitika. Sia aliniambia baadaye kwamba alikasirika siku nne, na siku ya tano akasahau kukasirika. Utafiti ulipoanza, kwa kibali na kwa utaratibu, watu waliwajua kwa majina na waliongea nao. Kazi ya Sia kuhusu akina baba waliofika bila familia zao ilisomwa kwenye mkutano wa wanasaikolojia Dodoma, naye ndiye mwanafunzi pekee wa shahada ya kwanza aliyepanda jukwaani. Bi. Mwanakombo alikaa nyuma kabisa na kulalamika kwamba kipaza sauti hakisikiki.

Tungeweza kuandika mengine. Hatujasema jinsi alivyokataa mwanafunzi yeyote asafiri kwenda kambini bila kunywa chai, wala alivyomfundisha Dakta Leonardi, marehemu sasa, kula samaki wa mgebuka bila kujichoma na miiba, wala kwamba katika miaka yake yote hakuna faili lililopotea idarani, isipokuwa moja alilolificha yeye kwa makusudi hadi mwenye nalo alipokuja kuomba radhi.

Anakwenda kupumzika kwake Ujiji, ingawa neno kupumzika tunalitumia kwa tahadhari. Ana ekari tatu za michikichi kule Simbo, wajukuu watano, na tayari shule mbili zimemwomba aende kuzungumza na walimu. Idara inamshukuru kwa kazi yake. Mimi ninamshukuru kwa safari moja ya Jumamosi, na kwa kukaa kimya miaka ishirini.

Wasifu huu tulimpelekea auhakiki kabla haujapigwa chapa. Aliurudisha siku ya pili ya Idi, ukiwa na makosa matatu ya herufi yaliyosahihishwa kwa wino mwekundu. Aya ya mwisho ilikuwa inamwita shujaa. Neno hilo alilikata, na pembeni akaandika kwamba anawajua mashujaa, aliwauliza maswali kwa miaka ishirini na mitatu na majina yao yako kabatini.

Tumelifuta, Bi. Mwanakombo. Tunakuombea afya njema, mvua za kutosha Simbo, nyumba isiyokosa wageni, na usingizi mzuri wa mchana usiokatizwa na mwanafunzi yeyote mwenye dodoso. Nenda salama, Mama yetu.

Davis Mchome
Mhadhiri Mwandamizi, kwa niaba ya wafanyakazi na wanafunzi wa Idara ya Saikolojia